Kukalimani mbele ya daktari, chifu na hakimu: pa kuanzia

Mombasa, ajuaye Kigiriama na Kiswahili, au Kisomali na Kiingereza, huitwa upesi: "Hebu njoo utufasirie." Kujua lugha mbili ni mtaji tu. Kazi yenyewe ina mbinu zake.

Kabla wanaotaka kusemezana hawajaanza kuzungumza, uliza ni nani na nani, jambo gani, na litachukua muda gani. Kisha waambie wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, kwamba utasema yote yatakayosemwa, siri haitoki, na kwamba utawasimamisha wakienda mbio. Dakika moja yatosha. Hospitalini keti ubavuni mwa mgonjwa, nyuma yake kidogo, ili daktari amtazame yeye, si wewe.

Sema kwa nafsi ya kwanza. Mama akisema "kifua chaniuma", nawe sema "kifua changu kinauma" kwa lugha ya daktari. Ukianza na "anasema", daktari naye ataanza na "mwambie", na mgonjwa atageuka mtu anayesemwa akiwa papo hapo. Ukiwa na swali lako mwenyewe, jitaje: "Mkalimani aomba kuuliza."

Beba daftari dogo linalofunguka kwa juu na kalamu mbili. Usiandike sentensi, hutaikamilisha, na huku mwenzio kashafika mbali. Andika namba, majina, tarehe na viungo kama "lakini" na "isipokuwa", kwa alama zako mwenyewe. Hayo ndiyo yanayotoroka kichwani mwanzo. Kila zamu ikiisha, piga mstari.

Zoezi la nyumbani ni taarifa ya habari ya redio. Irekodi, sikiliza sekunde 30, izime, urudie kwa lugha ile ile. Ukiweza bila kuacha namba wala jina, rudia kwa lugha ya pili, kisha ongeza hadi dakika moja, hadi mbili. Jirekodi kwa simu ulinganishe. Sikio lako litakuonyesha ulichokidondosha.

Sasa mitego. Mkubwa ni saa. Daktari akisema kwa Kiingereza dawa inywewe 8 asubuhi, hiyo ni saa mbili. Ukisema saa nane, umeisogeza kwa saa 6. Lakini akisema kila baada ya saa 8, nane hubaki nane, maana huo ni muda, si saa ya mchana. "Mkono" wetu waanzia begani hadi vidoleni, na Kiingereza chaukata sehemu mbili, "arm" na "hand". Muombe mgonjwa aonyeshe panapouma. "Alinipiga" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza lazima kiseme. Uliza, usibahatishe, hasa kortini. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50, humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo, na neno moja ulilokisia laweza kuivuruga haki hiyo.

Pwani tumelelewa kusitiri maneno, na hapo wengi huteleza. Mtu akitukana, tusi lipite na ukali wake. Ukilipamba, hakimu hatajua kilichosemwa. Mwanamke akisema "nimeingia mwezini", yaani yumo hedhini, fikisha maana kwa staha ile ile, wala usimfanye aonekane mkali au mzembe kuliko alivyo. Mzee akimwita daktari "mwanangu", na liende vivyo hivyo.

Baada ya nusu saa mfululizo usahihi hupungua hata ukijiona mzima. Omba mapumziko. Ikiwa lahaja ya msemaji inakushinda, sema mapema: Kidigo na Kigiriama ni ndugu, lakini si lugha moja. Mtoto asimkalimanie mzazi wake kwa daktari, hata akiwa hodari. Mama ataficha jambo, au mtoto atabeba lisilo lake.

Mkimaliza, chana karatasi zako papo hapo, kabla hujatoka mlangoni.