Kivinjari Kinapokuonya Kuhusu Cheti cha Tovuti

Kivinjari kinapokataa kufungua tovuti ya HTTPS (njia ya mawasiliano ya mtandaoni yaliyosimbwa ili wengine wasiyasome), kwa kawaida cheti cha kidijitali, ambacho ndicho kinachothibitisha kuwa umeifikia tovuti uliyoikusudia, hakikukubalika. Kwanza kagua tarehe na saa ya kifaa chako, kwa kuwa saa iliyorudi nyuma miaka kadhaa hukifanya hata cheti halali kionekane hakijaanza kutumika. Kisha soma maelezo ya onyo lenyewe: cheti kilichopitwa na muda mara nyingi ni uzembe tu wa mwenye tovuti, ilhali jina lisilolingana na anwani uliyoandika, hasa unapotumia mtandao wa umma usiotumia waya, linaweza kuashiria kwamba mtu anajaribu kunasa mawasiliano yako njiani. Katika hali hiyo usiandike nywila wala namba ya kadi. Funga ukurasa, kisha ujaribu tena kwa mtandao mwingine.