Namba za ICD-10 kwa uvimbe wa kurithi: mwongozo kwa watunza kumbukumbu, Mwanza

ICD-10 ni orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa. Kosa kubwa ni kuandika namba moja tu. Ugonjwa wa kurithi una yake, na saratani iliyotokana nao ina yake.

Mfano: mgonjwa wa von Hippel-Lindau (ugonjwa wa kurithi unaoleta uvimbe sehemu nyingi za mwili) mwenye saratani ya figo anapewa C64 ya figo, kisha Q85.8 ya ugonjwa wenyewe. Ukiacha Q85.8, hakuna atakayejua kwamba macho na ubongo navyo vichunguzwe. Nyurofibromatosisi, ugonjwa wa kurithi unaoleta uvimbe kwenye neva, ni Q85.0.

Retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto, inahitaji umakini zaidi. Mtoto akiwa kwenye matibabu, andika C69.2. Namba hii haisemi ni jicho lipi, kwa hiyo andika kwa maneno: kulia, kushoto au yote mawili. Yakiwa yote mawili, karibu kila mara chanzo ni cha kurithi. Matibabu yakiisha na jicho limetolewa, C69.2 haifai tena, tumia Z85.8 (aliwahi kuwa na saratani) na Z90.0 (jicho limeondolewa). Mdogo wake mwenye afya anayeletwa kuchunguzwa apewe Z12.8 (uchunguzi wa saratani) na Z80.8 (saratani katika ukoo), kamwe asipewe C69.2, maana atahesabiwa mgonjwa.

Historia ya ukoo mwulize mama akiwa bado dirishani. Akishapanda kivuko kurudi Ukerewe, utampata kwa shida.

Tahadhari na namba za mtandaoni: Q85.83 (von Hippel-Lindau) na E31.2 (uvimbe wa kurithi wa tezi nyingi za homoni) ni za toleo la Marekani. Katika toleo la WHO (Shirika la Afya Duniani), uvimbe huo wa tezi nyingi ni D44.8.