Kuanza Kazi Arusha Ukiwa Umetoka Nchi Nyingine

Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa hiyo si ajabu kumkuta Mrundi, Mkenya na Mchaga wakigawana ofisi moja. Ukija kuajiriwa hapa, hakikisha kwanza kwamba mwajiri amekamilisha kibali chako cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015, pamoja na kibali cha ukaazi cha Idara ya Uhamiaji.

Baada ya hapo, jambo la kujifunza mapema kuliko yote ni namna ya kusema na watu. Asubuhi usianze na kazi: msalimie shikamoo aliyekuzidi umri, hata kama ni mlinzi wa getini na wewe ni mkuu wa idara, waulize wengine habari za nyumbani, ndipo useme ulichojia. Kiswahili ulichokuja nacho kutoka Nairobi au Bukavu kitaeleweka, lakini ukisema "nipe hilo faili" utaonekana unaamrisha. Hapa husemwa "dada, naomba hilo faili", na hata bosi husema hivyo kwa mhudumu. Kikao kikipangwa saa tatu asubuhi, kwenye barua pepe ya Kiingereza utakiona kimeandikwa 9:00. Hakikisha mapema, kwa maana kuchelewa kikao cha kwanza huacha sura mbaya.

Linalowasumbua wageni wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni kukataa kusikotamkwa. Mwenzako akikujibu "tutaona" au "nitajitahidi", mara nyingi bado hajakubali, na ukimbana mbele ya wengine ataitikia ili yaishe, kisha kazi italala. Mfuate baadaye, wakati wa chai ya saa nne, umwulize kwa upole kinachomkwamisha. Kosa lake nalo mwambie mkiwa wawili.

Michango ya harusi itakufikia mapema. Toa kadiri ya uwezo wako. Msiba wa mfanyakazi mwenzako usiukose, hata kama utakaa nusu saa tu.

Ugeni usikufanye ukubali kupunjwa. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 zenye malipo, kwa hiyo soma mkataba wako wote kabla ya kutia saini, na palipo na utata mwombe mwajiri akueleze.