Kurusha inzi bandia: jifunzie nyasini kabla hujafika mtoni

Inzi bandia ni ndoano ndogo iliyopambwa ifanane na mdudu, na kuirusha vizuri kunahitaji mazoezi. Watu wengi wanaokwenda kuvua kwa inzi huyo kwenye kambi za mbali, zile zinazofikiwa kwa ndege ndogo au mashua tu, hujiandaa kwa kununua vifaa. Wakifika, siku zinaisha wakihangaika na mshipi. Mwongozaji wa kambi anajua samaki walipo na wanakula nini, lakini hawezi kukupa mkono wa kurushia asubuhi moja ndani ya mashua inayoyumba. Hivi karibuni nilimsaidia rafiki anayejiandaa kwa safari ya namna hiyo. Hatua zenyewe ni hizi, na ile iliyomsumbua nimeirefusha.

Hatua ya 1: Vifaa

Kwa trauti, samaki wa maji baridi, wa mito mingi, fimbo ya futi 9, namba 5, inatosha. Namba hiyo haihusu ubora. Inaonyesha uzito wa mshipi ambao fimbo imetengenezwa kuurusha: futi 30 za mwanzo za mshipi namba 5 zina uzito wa takriban gramu 9. Katika uvuvi wa kawaida chubwi ndiyo inayovuta uzi kwenda mbele. Hapa inzi hana uzito wa maana, hivyo mshipi wenyewe ndio unaombeba. Kama fedha ni chache, basi, ziende kwenye mshipi. Rili, yaani gurudumu la kuzungushia mshipi, kwa samaki wa kadiri ni ghala tu, na sioni sababu ya kuigharamia sana.

Chukua fimbo laini kiasi, inayopinda mpaka katikati. Wauzaji husifu zile ngumu kwa kurusha mbali, lakini anayejifunza hasikii chochote mkononi. Iwe ya vipande vinne ili iingie kwenye mzigo wa ndege ndogo, na ukiweza beba ya pili. Kambini hakuna duka.

Hatua ya 2: Kuunga

Anza na uzi wa akiba kwenye rili, kisha mshipi, kisha uzi wa mbele wa futi 9 unaokwenda ukipungua unene, kisha inzi. Lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Kupata unene wa ncha ya uzi, gawa namba ya ndoano kwa 3: ndoano namba 12 inataka 4X, namba 18 inataka 6X. X ikipanda, uzi unazidi kuwa mwembamba.

Kwa mazoezi usifunge ndoano kabisa. Funga kipande cha uzi wa sufu wenye rangi kali.

Hatua ya 3: Kusubiri nyuma

Tafuta uwanja wa nyasi ulio wazi mbele na nyuma. Toa mita 8 za mshipi, ulale umenyooka mbele yako, na ncha ya fimbo ikaribie kugusa nyasi. Ukianza ncha ikiwa juu, nusu ya mwendo wako itaishia kukusanya mshipi uliolegea.

Inua taratibu ukiongeza kasi, kisha ikatishe ghafla fimbo ikiwa imepita wima kidogo. Sasa ngoja. Mshipi unajikunjua nyuma yako, na ni lazima ukaribie kunyooka kabisa ndipo uivute fimbo, maana uzito wake ndio unaoipinda. Ukienda mbele mapema utasikia mlio kama wa mjeledi, na mtoni mlio huo ndio unaokata inzi. Ukichelewa, mshipi utaanguka nyasini.

Wengine hufundisha kuhesabu “moja, mbili”. Mimi sikubaliani nalo, kwa sababu mshipi ukiwa mrefu zaidi unahitaji kungojwa zaidi, na hesabu haibadiliki. Geuza kichwa utazame. Rudisha nyuma mguu wa upande wa mkono wa fimbo, kifua kifunguke, utaona mshipi unavyonyooka bila kujipinda shingo. Rafiki yangu alikataa kugeuka, akidai anausikia. Alipogeuka tu, milio ikakoma.

Ushauri wa kuitembeza fimbo kati ya namba 10 na namba 2 za uso wa saa nao uchukue kwa tahadhari. Mshipi mfupi unataka fimbo itembee kidogo, mrefu unataka itembee zaidi. Kifundo cha mkono kikikulegea, ingiza kitako cha fimbo ndani ya mkono wa shati mpaka kizoee.

Halafu kuna mafundo yanayojifunga angani kwenye uzi wa mbele. Husingiziwa upepo, lakini mara nyingi chanzo ni nguvu iliyotolewa ghafla mwanzoni: ncha ya fimbo inazama katikati ya safari, na mshipi unaifuata na kujikata wenyewe. Nguvu iweke mwishoni, kabla tu ya kusimamisha. Fundo likijitokeza, badilisha uzi, kwa kuwa hapo ndipo utakapokatikia.

Upepo ukitoka upande wa mkono wako wa fimbo, ndoano itakuja kichwani. Lazia fimbo juu ya bega la pili, au geuka umpeleke inzi kwa mrusho wa nyuma. Kofia na miwani havivuliwi, hata nyasini.

Hatua ya 4: Mtoni

Trauti hukaa akikabili mkondo, kwa hiyo mfikie kutoka nyuma yake, upande wa chini wa mkondo. Inzi anayeelea aende kwa kasi ya maji yanayomzunguka. Mshipi ukipinda na kuanza kumburuta, uinue uutupe upande wa juu wa mkondo bila kumsogeza yeye.

Hatua ya 5: Samaki

Akimchukua inzi, inua fimbo. Tumia ndoano isiyo na kijino cha nyuma kwenye ncha, lowesha mikono, mwachie akiwa majini. Maji yakipita nyuzi 20 za Selsiasi, waache trauti wapumzike.

Kabla ya kufunga mizigo

Osha viatu na suruali za majini, vikauke kabisa, kwa sababu hubeba mwani na vijidudu kutoka mto mmoja hadi mwingine. Soli za manyoya yaliyoshindiliwa hushika vizuri kwenye mawe yenye utelezi lakini hazikauki upesi. New Zealand ilizipiga marufuku mwaka 2008 kwa ajili ya mwani uitwao didymo. Soma masharti ya unakokwenda kabla ya kununua viatu.