Kabla hamjashusha boti ya uokoaji ya kijiji

Pwani kwetu chombo kikizama, anayefika mwanzo ni mvuvi. MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowatoa watu majini. Kama mnaunda kikosi cha kujitolea, sikilizeni kwanza.

Jaketi okozi ziwe za kila kichwa, pamoja na za mnaowafuata. Redio ya VHF ikae chaneli 16, ile ya kuitia msaada baharini, na wote waijue, si nahodha peke yake. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, havina mkondo mmoja. Jueni mnatoka siku gani.

Halafu pimeni kuogelea. Mimi sikupima. Niliona haya kumuuliza mtu aliyevua miaka ishirini kama anajua kuogelea, naye akaona haya kusema. Siku ya zoezi nikawaambia waruke, maji ya pima mbili tu. Akaruka wa kwanza, maana vijana walikuwa wanamtazama. Jaketi hakuifunga kamba za chini. Ikampanda usoni, kichwa kikabaki ndani ya maji. Kijana aliyemrukia alikabwa shingo, wakawa wawili wa kuokolewa. Tuliwavuta kwa kasia, wazima alhamdulillahi, lakini yule mzee hakurudi kikosini. Tukikutana dikoni hunisalimia akitazama chini. Kosa lilikuwa langu.

Sasa napima mmoja mmoja, alfajiri, bila watazamaji: mita 50, kisha kuelea dakika tano. Asiyeweza hafukuzwi. Hukaa nchi kavu na redio mpaka ajifunze.

Na kijana naye afundishwe: kwanza nyoosha kasia, kisha rusha kamba, kisha sogeza chombo, kuogelea kumfuata mtu ni mwisho kabisa. Mkimkaribia, zimeni mashine. Wawili wamvute, wengine wakae upande wa pili, la sivyo mtapinduka. Aliyezama msimning'inize kichwa chini eti maji yamtoke! Kama hapumui, mpeni pumzi tano, kisha kandamizeni kifua, msiache.

Mafuta yapimwe kabla ya kutoka. Tochi, maji ya kunywa, simu ndani ya mfuko usioingia maji. Mtu wa pwani ajue mmeelekea wapi na saa ya kurudi. Kusi likichachamaa na nahodha akasema hatutoki, asibishiwe.