Jinsi ya kusoma ushindi kwenye dinari ya Septimius Severus

Sarafu ninayoitumia hapa ni dinari, sarafu ya fedha ya Roma ya kale, iliyotolewa kati ya Desemba 200 na Desemba 201 baada ya Kristo. Kaisari wa Roma Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Naipenda kwa anayeanza, kwa kuwa tarehe yake imo kwenye maandishi.

1. Ishike ukingoni, juu ya kitambaa. Usiisugue, wala usiitie ndimu au dawa ya meno. Weusi wa kale ulioifunika ukitoka haurudi, na sura hutoka nao.

2. Pima. Tarajia gramu 3 hivi na upana wa milimita 18. Dinari iligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili. Ukiona mshono unaozunguka ukingo, au vishimo vya viputo usoni, shuku kuwa imemiminwa kwenye kalibu.

3. Soma kuanzia chini kushoto, ukizunguka kama mshale wa saa. V husimama pia badala ya U. Upande wa kichwa: SEVERVS AVG PART MAX. Upande wa pili: PART MAX P M TR P VIIII. AVG ni Augusto, cheo cha kaisari; PART MAX, mshindi mkuu wa Waparthi, dola iliyokuwa mashariki ya Roma; P M, kuhani mkuu; TR P, mamlaka ya tribuni (mtetezi wa raia wa kawaida), yaliyohesabiwa upya kila mwaka. Hapa ni mara ya tisa, na ndiyo inayotupa ile tarehe ya Desemba 200 hadi Desemba 201; nayo imeandikwa VIIII, si IX.

4. Sasa picha, na hapa usiwe na haraka. Mulika taa kutoka ubavuni. Katikati pamesimama gogo lililovikwa silaha za adui. Chini yake mateka wawili wameketi, wamepeana mgongo. Tafuta kofia, mikono, magoti. Kwenye dinari za Vespasian, kaisari wa kabla yake, nchi ya Yudea iliyoshindwa ni mwanamke aliyeketi ameshika tama. Huzuni ya aliyeshindwa ilikuwa lugha ya zamani ya Roma. Severus aliuteka Ctesiphon, mji mkuu wa Waparthi. Mji wa Hatra aliuzingira mara mbili, akashindwa, na hilo hulioni kwenye sarafu.

5. Tazama rangi. Madoa ya kijani yasikutishe: Severus aliongeza mishahara ya askari na kupunguza fedha kwenye dinari hadi karibu nusu, iliyobaki ikawa shaba zaidi. Lakini ukiona ngozi ya fedha inabanduka na shaba tupu ndani, hiyo ni ghushi ya enzi zilezile. Usiitupe, itenge na uiandikie kadi yake.