Somo: Kumhudumia mgonjwa kiziwi, kuanzia benchi la mapokezi hadi dirisha la dawa

Wadau, salaam. Somo hili ni la manesi, matabibu, wakunga, watu wa mapokezi na wakalimani wa lugha ya alama wanaoanza kazi za hospitali. Ndugu wa viziwi nao wasome. Msimamo wangu nautanguliza: mgonjwa kiziwi hapotei sana ndani ya chumba cha daktari. Anapotea kwenye benchi, maabara na dirishani, ambako hakuna aliyekumbuka kwamba pale napo panahitaji mawasiliano.

Hatua ya 1: Benchi

Nesi anachungulia mlangoni, anaita jina mara mbili, kimya. Faili linarudi chini ya mengine. Mwenye jina kakaa hatua tatu tu kutoka hapo, macho kayakodolea mlango ule ule. Ikifika saa saba mchana, waliomkuta pale wameshatibiwa na kuondoka.

Dawa yake haina gharama. Wakati wa kuandikisha, muombe ruhusa kisha andika KIZIWI kwa herufi kubwa juu ya jalada, ili kila meza faili linakofika waone. Mpe namba ya foleni mkononi na mwonyeshe kiti kinachotazamana na mlango. Zamu yake ikifika, mfuate umguse begani taratibu, au mpungie mkono akiwa anakutazama. Kupaza sauti hakusaidii kitu, ila kutawageuza watu wote wa foleni wamtazame yeye.

Hatua ya 2: Muulize anatumia njia gani

Usikisie. Aliyepoteza usikivu ukubwani huenda anasoma na kuandika Kiswahili vizuri kukuzidi, na kalamu ikamtosha. Aliyezaliwa kiziwi, lugha yake mara nyingi ni ya alama, na Kiswahili amekutana nacho darasani tu, kama alibahatika kusoma. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza 1963 na ya Buguruni 1974, lakini wapo watu wazima vijijini ambao hawakuwahi kukanyaga shule yoyote. Hao wana alama za nyumbani zinazoeleweka na mama na kaka zao basi. Ukimwandikia aya nzima kwenye karatasi, atakutazama kwa adabu na kuikunja.

Kusoma midomo nako watu wanakuamini kupita kiasi. Simama mbele ya kioo utamke bila sauti "baba", "mama", "papa". Midomo ni ile ile. Hapo bado hujavaa barakoa.

Hatua ya 3: Mkalimani atafutwe mapema

Mgonjwa wa kliniki ana tarehe, na tarehe mnaijua nyie wenyewe, kwa hiyo "hatukupata mtu" si sababu. Mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, au uliza tawi la Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) lililo karibu. Kabla ya kumthibitisha mkalimani, mwulize mgonjwa mambo mawili: anataka mwanamke au mwanamume, na je, yule mtu wanafahamiana? Miji yetu ni midogo. Mkalimani wa hospitali ndiye huyo huyo wa kanisani na wa mahakamani, na mama anayekuja kupima maambukizi ana haki ya kumkataa.

Mtoto asitumike. Mtoto wa miaka kumi anajua alama kwa sababu mama yake ni kiziwi, lakini hilo halimfanyi awe mtu wa kumweleza mama yake kwamba mimba imeharibika.

Hatua ya 4: Mkae vipi

Mkalimani akae ubavuni kwa daktari, nyuma kidogo, ili mgonjwa awaone wote wawili bila kugeuza shingo. Kama daktari kalipa mgongo dirisha, funga pazia au hamisheni viti. Mwanga ukitoka nyuma, uso na mikono vinageuka kivuli.

Daktari, zungumza na mgonjwa. "Maumivu yalianza lini?" na si "Muulize maumivu yalianza lini." Mkalimani naye atasema "naumwa ubavu", kwa nafsi ya mgonjwa. Msishangae kumsikia mwanamume akisema "hedhi yangu imechelewa".

Na ukitaka kuonyesha picha ya eksirei, onyesha kwanza ukiwa umenyamaza. Akimaliza kutazama, ndipo ueleze. Anayesikia anatazama picha hiyo huku masikio yakikufuata. Kiziwi hana hiyo nafasi, kwa sababu macho yake ndiyo yanayosikiliza.

Hatua ya 5: Kabla ya kumgusa

Kanula, ule mrija mdogo wa dripu unaoingizwa kwenye mshipa, iwekwe kwenye mkono asioutumia sana kuashiria. Ukiutundikia dripu mkono wake mkuu na kuufunga plasta hadi vidoleni, umemziba mdomo. Kila kipimo kielezwe angali amekaa, maana akishalala kifudifudi hakuoni tena. Kwenye eksirei, pale unaposema "vuta pumzi, bana", mkubaliane kabla: taa ikizimwa abane, ikiwashwa aachie. Kwenye utrasaundi acha taa moja ikiwaka.

Hatua ya 6: Kutikisa kichwa si jibu

Anatikisa kichwa kukubali kwa heshima, kwa uchovu, au ili mmalize aondoke. Mwombe akueleze yeye: dawa hii utaitumiaje? Upasuaji utafanyika wapi? Fomu ya ridhaa isisainiwe mpaka ajibu hivyo. Sema pia mambo kwa umbo lake. "Majibu ni chanya" yakipita kwenye alama kama yalivyo, mtu anaweza kutoka anatabasamu. Sema "virusi vimeonekana kwenye damu yako".

Hatua ya 7: Dirisha la dawa

Hapa ndipo kazi nzuri ya asubuhi nzima inapoharibika, kwa sababu mkalimani mara nyingi ameshaachiwa aende. Mfamasia anaandika 2x3 juu ya bahasha, anasukuma, anayefuata. Mbili kwa tatu ni nini? Vidonge sita kwa mkupuo? Viwili kwa siku tatu? Sisi tumezoea kwa sababu tuliambiwa kwa mdomo.

Toa vidonge viwili uviweke kiganjani avione. Chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila mchoro chora vidonge viwili. Kama ni dawa ya kula baada ya chakula, chora sahani kabla ya kidonge. Dawa ya kuweka ukeni iwekewe alama yake kabisa, maana kilicho kwenye bahasha ya dawa mtu humeza. Kisha arudie yeye kwa mikono yake.

Mwisho wa yote, kwenye namba yake ya simu andika "ujumbe tu". "Tutakupigia majibu yakitoka" si ahadi kwake.

MASWALI YA WANACHAMA

Nesi wa zahanati, Handeni: Akija usiku, hali mbaya, na mkalimani hakuna?

Okoa maisha kwanza, usisubiri mtu. Washa taa zote, vua barakoa kama hali inaruhusu, elekeza kidole kwenye mwili wako aonyeshe panapouma, na mwonyeshe sindano kabla ya kumchoma. Maneno mafupi yaliyoandikwa yanasaidia: "mimba?", "dawa gani?", "damu?". Simu ya video kwa mkalimani nayo ni msaada mkubwa, ila iegemezwe mahali ili mgonjwa abaki na mikono yote miwili. Hali ikitulia, historia ichukuliwe upya mkalimani akiwepo. Ile ya usiku msiitegemee.

Mke wa kiziwi, Mwanza: Mimi namtafsiria mume wangu miaka yote. Kwani nina kosa gani?

Huna kosa, dada yangu. Uamuzi ni wa shemeji. Aulizwe ukiwa umetoka nje, maana mbele yako atasema "yeye anatosha". Kwa mafua na malaria, sawa. Kwa upasuaji, vipimo vya magonjwa ya ngono au habari nzito, aje mtu wa nje, nawe ukae pale kama mke. Wapo wenza wanaopunguza makali ya habari kwa upendo kabisa, na mgonjwa anabaki hajui anaumwa nini.

Mwanafunzi wa ukalimani: Daktari akiniuliza pembeni, "huyu akili zake ziko sawa?"

Ligeuze swali hilo kwa alama pale pale, mgonjwa alione, na mwambie daktari kwa upole kwamba kila kinachosemwa chumbani unakifikisha. Ataliuliza vizuri zaidi mara ya pili. Usikubali pia kubaki na mgonjwa peke yenu akusimulie dalili daktari akiwa hayupo, maana utajikuta unachukua historia.

Mkunga, Iringa: Leba tunafanyaje? Uchungu ukikaza anafumba macho.

Swali zuri sana. Akifumba macho hakuna lugha, kwa hiyo zungumzeni uchungu unapoachia. Alama za "sukuma", "acha" na "pumua" mfundishane kliniki, wiki kadhaa kabla. Siku yenyewe ongezeni mguso: kukandamiza kiganja chake ni sukuma, kukipapasa ni pumua. Mkalimani asimame kichwani pa kitanda, awe mwanamke kama mama ametaka hivyo, na mtu asizime taa.

Kiziwi, Singida (ameandika kwa msaada wa rafiki): Bibi yangu pia kiziwi, hakusoma. Mkalimani alikuja, hawakuelewana.

Bibi anahitaji watu wawili: mkalimani anayesikia, na kiziwi mzoefu anayejua alama za nyumbani, kama wewe. Mkalimani anakupa wewe kwa lugha ya alama, wewe unamgeuzia bibi kwa namna yake, na jibu linarudi njia ile ile. Inachukua muda mrefu, kwa hiyo ombeni nafasi ya mwisho wa foleni na si ya katikati.

Mdau, Dodoma: Anayelipa ni nani? Mgonjwa?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu 2009. Ibara ya 25 inataka huduma ya afya yenye ubora ule ule na ridhaa itolewe mtu akiwa ameelewa, na Ibara ya 9 inawataja wakalimani wa kitaalamu wa lugha ya alama. Tuna pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Kwa mtazamo wangu, kumtoza mgonjwa ni kumlipisha ili aingie mlango ambao wenzake wanaingia bure. Andikeni barua kwa mganga mfawidhi, nakala kwa afisa ustawi wa jamii, mkiomba malipo ya mkalimani yaingizwe kwenye bajeti ya kituo. Barua ipelekwe kabla bajeti haijapangwa, na mkiandika pamoja na tawi la viziwi inapata uzito.

Msomaji, Mombasa: Je, mkalimani wa huku anaweza kuvuka kuja kufanya kazi Tanga?

Lugha ya Alama ya Kenya na ya Tanzania ni lugha mbili. Salamu na soga mtapatana, lakini chumba cha daktari si mahali pa kupatana kwa kubahatisha. Apate kwanza muda wa kukaa na viziwi wa Tanga, na aanzie kazi nyingine.